Safari ya Mkuu, Rombo: Nilikwenda kupanda, nikajifunza kushuka

Mama yangu ana dada yake wa tumbo moja anayeishi ng'ambo ya pili ya korongo, kijijini kwetu Mkuu, wilayani Rombo. Alfajiri jogoo wa mama mkubwa akiwika, kwetu anasikika. Lakini hadi mwezi uliopita dada hao wawili walikuwa na miezi minane hawajaonana uso kwa uso. Walikuwa wakiongea kwa simu, kama watu ambao mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine yuko Mwanza.

Sikulijua hilo. Mimi ninayeandika habari za afya kila wiki, ninayewauliza wazazi wa watu wengine wanaumwa wapi na tangu lini, sikuwa nimemuuliza mama yangu kwa nini haendi tena kwa dada yake. Nililijua kwa bahati tu, katika safari ya mapumziko ya siku mbili niliyokwenda na marafiki zangu watatu. Lengo letu lilikuwa kupanda mlima kidogo, tupige picha, tule mtori, turudi Arusha Jumapili jioni.

Msomaji, nilirudi nikiwa nachechemea. Na nilirudi Jumanne, si Jumapili.

Theluji ya wenzetu na ya kwetu

Tulisoma chuo pamoja sisi wanne. Mmoja ni muuguzi, mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi, mwingine ni mhasibu, na wa nne ni mimi. Tangu kila mmoja apate kazi na wengine kupata watoto, kukutana kumekuwa kwa harusi na misiba. Safari hii tuliipanga kwa miezi mitatu.

Muuguzi alikuwa amerudi kutoka masomoni Norway, kwa hiyo ndani ya gari kutoka Moshi kwenda Himo maneno yote yalikuwa yake. Alitusimulia jinsi wanafunzi wenzake walivyomchukua wikiendi moja kwenda kuteleza kwenye theluji. Unavaa viatu vizito, vigumu kama ndoo, vinavyobanwa kwenye mbao mbili ndefu nyembamba. Unapandishwa juu ya kilima kwa kiti kinachoning'inia kwenye waya. Halafu unaachwa ushuke.

"Siku ya kwanza nilianguka mpaka nikaacha kuhesabu," alisema. "Watoto wa miaka minne wananipita huku wanacheka."

Siku ya pili alianza kuelewa. Mwalimu wake alikuwa na somo moja tu analolirudia: pinda magoti, sogeza uzito mbele. Mtu akiuogopa mteremko hujivuta nyuma, na akijivuta nyuma mbao humkimbia, anaanguka kwa makalio. Ukitaka kupunguza mwendo, unakutanisha ncha za mbele za mbao na kupanua za nyuma. Ukitaka kugeuka, unahamishia uzito mguu mmoja. Kabla ya jioni alishuka kilima kidogo bila kuanguka, na anasema furaha aliyoipata ilizidi ile ya siku ya mahafali.

Mwalimu wetu, ambaye haachi swali lipite, akauliza: "Sasa sisi tuna mlima wenye theluji, mbona hatutelezi?"

Swali lake si la kuchekwa. Waliwahi kuteleza. Mwaka 1912 wapandaji wawili Wajerumani, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda na mbao zao za kutelezea hadi kileleni Kibo. Barafu iliyopo juu huko hadi leo inaitwa kwa jina la Furtwängler. Lakini mwaka huohuo wa 1912 ndio wanasayansi wanaoutumia kupimia kile tulichopoteza. Wakati ule barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la takribani kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2007, asilimia 85 ya eneo hilo ilikuwa imetoweka. Kilichobaki ni vipande vinavyosimama kwenye mawe na majivu ya volkano, na kukifikia ni safari ya siku kadhaa kwenye hewa nyembamba. Si mahali pa kwenda kuchezea wikiendi.

Hata hivyo ndugu zetu wa Afrika Mashariki wamo kwenye mchezo huo. Mkenya Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji, alishiriki Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japan, mwaka 1998 katika mbio za theluji za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kuondoka mpaka Mkenya huyo afike, akamkumbatia kwenye mstari. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Miaka 20 baada ya hapo, mwaka 2018, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya huko PyeongChang, Korea Kusini, katika mashindano ya kushuka mlima.

Nami nikakumbuka mchezo wetu wa utotoni. Mvua ikinyesha Mkuu, udongo mwekundu hulainika kama sabuni. Tulikuwa tunachuna gome la mgomba, lile pana linalopinda kama mtumbwi, tunakalia, tunateleza kutoka juu ya kihamba hadi mfereji wa maji. Theluji yetu ilikuwa ile. Na fimbo za mama zilikuwa zinatusubiri chini, kwa sababu ya nguo za shule.

Mkuu ilivyo

Kwa asiyefika, Mkuu ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Rombo, upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro, karibu na mpaka wa Kenya. Kutoka Moshi unafika Himo, unakata kushoto kupanda Marangu, kisha barabara ya lami inakuzungusha ubavuni mwa mlima kuelekea Mkuu na mbele yake Tarakea. Kila baada ya mwendo mfupi unavuka korongo. Juu ya barabara ni vihamba vya migomba na kahawa, chini yake ni mashamba ya mahindi na maharage yanayoteremka hadi tambarare.

Watu wa Moshi mjini wakisema mlima, wanamaanisha Kibo yenye theluji. Sisi wa Rombo kilele kinachotukabili ni Mawenzi, chenye urefu wa mita 5,149, chenye meno meno kama msumeno mbovu. Wazee wanasimulia kwamba Mawenzi alikuwa akienda kwa Kibo kuomba moto kila mara, mpaka Kibo akachoka na kumchapa kwa mchi, ndiyo maana amechongoka vile. Tukiwa watoto tuliambiwa hadithi hiyo ili tujifunze kutunza moto wetu jikoni.

Maisha ya huku ni ya kupanda na kushuka. Shule iko juu, soko liko chini. Kanisa liko ng'ambo ya korongo. Ng'ombe anafugwa ndani ya banda, kwa hiyo majani yake yanafuatwa mabondeni na kupandishwa kichwani. Mama yangu aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Sisi watoto wake tumesoma kwa maziwa ya ng'ombe huyo.

Tulifika jioni ya Ijumaa. Mama alitupokea mlangoni, kwenye kiti. Tukamwamkia, akaitikia marahaba moja baada ya nyingine, akamuuliza kila mmoja habari za nyumbani kwao. Hakusimama. Nilidhani amechoka.

Kupanda hadi Mandara

Jumamosi tuliamka saa kumi na moja alfajiri. Tulirudi hadi Marangu kwa gari la kukodi, kwa sababu kwa safari ya siku moja njia ya Marangu ndiyo rahisi kwa wageni wa mlima kama sisi. Unaingia lango la hifadhi kwenye mita takribani 1,870 kutoka usawa wa bahari, unapanda msituni kiasi cha kilomita nane, unafika kambi ya Mandara kwenye mita takribani 2,700. Unapumzika, unakwenda kuiona kreta ya Maundi iliyo karibu, unashuka siku hiyohiyo. Sheria za hifadhi zinataka uwe na mwongozaji aliyesajiliwa, na ni sheria nzuri.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa makamo kutoka Marangu, kijiji kilekile cha Yohani Kinyala Lauwo, anayesemekana kuwaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo mwaka 1889. Tulimwamkia shikamoo. Akatutazama miguuni kabla ya kutuitikia. Mhasibu alikuwa amevaa raba nyeupe za mtindo. Mimi nilikuwa na buti jipya nililonunua mtumbani Arusha, nikijiona nimejiandaa.

"Kupanda mtapanda, wanangu," alisema. "Tutaongea wakati wa kushuka."

Kupanda kulikuwa raha. Msitu wa Kilimanjaro asubuhi una harufu ya udongo uliolowa na majani yanayooza. Miti imevaa ndevu za kijivu zinazoning'inia. Mbega walitupita juu kwa juu, mikia yao myeupe ikipepea kama kanga kwenye kamba. Ukungu ulikuwa unaingia na kutoka. Kila baada ya muda tulikaa pembeni kuwapisha wagumu, kama wanavyoitwa wapagazi wa mlima huu, wenye mizigo ya hadi kilo 20. Wengine walikuwa wanapanda, wengine wanashuka baada ya siku tano au sita juu.

Nilishangaa jinsi wale wanaoshuka walivyopita kimya. Hatua fupi fupi, magoti yamelegea, mzigo kichwani hautikisiki. Sisi tukijaribu kushuka hata hatua kumi kumpokea mwenzetu, tulisikika kama ng'ombe.

Saa sita kasorobo tulikuwa Mandara. Tulikula chapati na mayai ya kuchemsha, tukanywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Pale Maundi, ukungu ulipofunguka kwa dakika chache, tuliona tambarare ikienda hadi Kenya. Mwalimu alipiga picha za kuwaonyesha wanafunzi wake. Tulikuwa watu wenye furaha sana.

Magoti laini

Tulianza kushuka saa nane mchana, na mimi nilianza kwa mbwembwe. Njia ni pana, nimepumzika, mteremko unanisukuma. Nikawa nakimbia nusu, nakanyaga kwa kisigino, mguu umenyooka, mwili nimeuvuta nyuma ili nisianguke. Mhasibu alinifuata. Tulicheka mpaka kwenye daraja la kwanza.

Baada ya nusu saa nilianza kusikia mapaja yanatetemeka nikisimama. Baada ya saa nzima goti la kulia lilikuwa linachoma upande wa nje. Vidole vya miguu vilikuwa vinagonga mbele ya buti. Kila ngazi ya udongo niliyoshuka, niliisikia hadi kwenye meno. Hatimaye nilikaa kwenye gogo na kusema ukweli: "Siwezi."

Mzee hakunicheka. Alichuchumaa mbele yangu, akafungua kamba za buti langu, akaniambia nigongeshe kisigino nyuma mpaka kikae, ndipo akafunga upya, akibana vizuri pale mguu unapokunjika. "Kiatu kikilegea hapa, mguu unateleza ndani, kucha zinakufa," alisema. Kisha akanikatia somo ambalo ninaliandika hapa kama nilivyolielewa.

Kwanza, hatua fupi. Hatua ndefu kwenye mteremko ni kuruka, na kila ukiruka goti ndilo linalokupokea.

Pili, magoti yasinyooke kabisa. Yawe yamekunjika kidogo muda wote, kama mtu anayetaka kukaa akaghairi.

Tatu, usijivute nyuma. Mwili ubaki juu ya miguu, kidogo mbele, macho yakiangalia hatua tatu au nne mbele na si kwenye vidole.

Nne, pakiwa pakali, usishuke moja kwa moja. Kata njia kwa mshazari, kushoto na kulia, kama maji ya mfereji yanavyoteremshwa.

Tano, tumia fimbo. Alinipa zake mbili. Nizitangulize mbele, niweke uzito kidogo mikononi, ndipo mguu ufuate.

Muuguzi alikuwa amesimama pembeni, ameshika kiuno. "Ni maneno yaleyale," alisema. "Yule mwalimu wa Norway na huyu mzee, ni maneno yaleyale."

Tulitumia saa mbili zaidi kufika langoni. Kwa robo saa ya mwanzo nilijihisi mjinga, natembea kama bibi. Halafu mwili ukaanza kuelewa. Maumivu hayakuisha, lakini hayakuongezeka. Kuna kipande cha njia chenye mizizi mingi ambapo nilishuka bila kufikiri, hatua baada ya hatua, fimbo, mguu, fimbo, mguu, kwa ukimya kama wale wagumu. Nilimwelewa muuguzi aliposema habari ya mahafali.

Usiku nilisoma ili nielewe sababu. Tunapopanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja na kusukuma. Tunaposhuka, msuli huohuo unafanya kazi ya breki: unavutika ukiwa mrefu huku ukipambana na uzito wa mwili. Kazi hiyo hukwangua nyuzi za msuli, ndiyo maana maumivu makubwa huja siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya safari na si palepale. Habari njema ni kwamba mwili hujifunza. Mteremko mmoja wa kiasi huufanya msuli uhimili mteremko unaofuata kwa wiki kadhaa. Kuhusu fimbo, utafiti wa Austria uliochapishwa mwaka 1999 ulipima watu wakishuka mteremko na kuona kwamba fimbo mbili hupunguza mzigo kwenye goti kwa kati ya asilimia 12 na 25.

Jumapili, kopo la biskuti

Asubuhi ya Jumapili sikuweza kushuka kwenye kitanda bila kushika ukuta. Marafiki zangu waliondoka kwenda kanisani na mtoto wa dada yangu mwenye miaka minane. Nilibaki na mama. Nilimwomba dawa ya maumivu. Akaniambia, "Chukua kwenye kopo, mwanangu."

Kopo lilikuwa lile la biskuti, juu ya kabati. Nilipolifungua nilikaa chini. Lilikuwa limejaa karatasi tupu za vidonge vya diclofenac. Mama ana shinikizo la damu na ana dawa zake za kila siku. Na dawa hizi za maumivu, zikitumika muda mrefu bila usimamizi, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Nimeandika makala kuhusu jambo hilo, zaidi ya mara moja.

"Mama, unakunywa hivi tangu lini?"

"Tangu magoti yaanze kunisumbua. Mwaka jana, kabla ya Krismasi."

Alikuwa amekwenda kwenye zahanati moja, akaambiwa ni uzee, avumilie, akapewa vidonge vya siku tano. Vilipomsaidia, akaendelea kumtuma mjukuu kununua dukani. Hakuniambia kwa sababu, alisema, "wewe una kazi nyingi." Kupanda kwenda barabarani anaweza. Kushuka ndiko kunamshinda. Kwa hiyo jumuiya aliacha. Kwa dada yake aliacha. Miezi minane.

Nilikuwa nimeumia goti kwa saa tatu na nikakaa kwenye gogo karibu nilie. Yeye alishuka na kupanda makorongo haya miaka 40 akiwa na majani ya ng'ombe kichwani, na maumivu yake akayaficha kwenye kopo la biskuti.

Sikujua niseme nini. Nilimwambia tu, "Twende kwa mama mkubwa."

Akacheka. "Sote wawili tunachechemea, nani atambeba mwenzake?"

Marafiki zangu waliporudi kanisani, muuguzi alimwangalia magoti. Hayakuwa na uvimbe wala joto, na aliweza kuyakunja. Alimkatia fimbo mbili za mti na kuzipima vizuri: ukisimama wima mikono imening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akamfundisha kanuni ya ngazi ambayo wauguzi na wataalamu wa viungo huifundisha kila siku: ukipanda, mguu mzima utangulie, ukishuka, mguu mbovu utangulie pamoja na fimbo. Mama akairudia mara mbili, mzima apande, mbovu ashuke, kama anayekariri katekisimu.

Tuliingia kwenye njia ya korongo saa tisa alasiri. Mama mbele na muuguzi, mimi nyuma na fimbo yangu, mtoto wa dada yangu akibeba ndizi za zawadi. Tulishuka kwa mshazari. Mama alikuwa anajivuta nyuma kwa hofu, nami nikamwambia alichoniambia yule mzee: magoti laini, mwili juu ya miguu. Pale penye utelezi alisimama muda mrefu. Niliona mikono yake ikitetemeka kwenye fimbo. Hatukumharakisha. Kisha akatanguliza fimbo, akatanguliza mguu wa kushoto, ule mbovu, akashuka.

Hatukufika kwa mama mkubwa. Tulifika darajani, chini kabisa, penye jiwe la kupumzikia mizigo, na mama akasema inatosha kwa leo. Lakini mtoto alikuwa ameshakimbia juu upande wa pili. Dakika kumi baadaye tulimsikia mama mkubwa kabla ya kumwona, anashuka huku anauliza kwa sauti ni nani huyo amewaletea ugonjwa wa kutembea. Ana miaka 71 na magoti yake ni mazima.

Walikaa kwenye lile jiwe mpaka jua likaingia nyuma ya mlima. Waliongea Kichaga kwa haraka nisiyoweza kuifuata. Sisi tulikaa pembeni tukila ndizi.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikampeleka mama hospitali. Alipimwa, akapigwa picha ya eksirei, akaelezwa kuwa gegedu, ule utando unaozuia mifupa isisagane, limelika kiasi. Dawa ya maumivu ilibadilishwa na figo zake zikapimwa. Alielekezwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mazoezi aliyopewa anayafanya kwenye kiti kilekile alichotupokelea: kunyoosha mguu mmoja mbele, kuushikilia kwa sekunde tano, kushusha, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Jingine ni kusimama na kukaa bila kushika kitu.

Kwa mzazi unayesoma

Ukipanga kuwapeleka watoto matembezi ya mlimani au kwenye vilima vya karibu na kwenu, kumbuka haya.

Chagua njia kwa kufikiria kushuka. Watoto hupanda kwa furaha na kuishiwa nguvu wakati wa kurudi. Theluthi moja ya nguvu zao ibaki kwa ajili ya mteremko.

Kiatu kiwe na nafasi ya kidole gumba cha mkono kati ya vidole vya mguu na ncha ya kiatu, na kikanyagio kisiwe kimekwisha. Kata kucha za miguu siku moja kabla.

Mfundishe mtoto kushuka kwa mchezo. Mwambie ashuke kimya, asisikike na sungura. Ukimkataza tu kukimbia hatakuelewa, lakini akitafuta ukimya atafupisha hatua mwenyewe.

Usimbebe mtoto mabegani kwenye mteremko mkali. Mkiteleza, mnaanguka wawili.

Kwa Kilimanjaro, watoto walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kupanda kwenda kileleni. Matembezi ya siku moja hadi Mandara yanatosha kabisa kwa familia. Mtoto akiumwa kichwa, akitapika au akilegea mkiwa juu, dawa ya kwanza ni kushuka.

Na kwa wazazi wetu wenye magoti: maumivu yanayodumu zaidi ya wiki chache yanahitaji kupimwa. Goti likivimba ghafla na kuwa la moto, likigoma kunyooka, likikuangusha, au maumivu yakiambatana na homa, nenda hospitali mapema. Kuimarisha misuli ya mapaja hupunguza maumivu ya magoti yaliyolika, na kupunguza uzito pia. Utafiti umeonyesha kuwa kilo moja ikipungua mwilini, goti linapumzishwa mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Vidonge vya kununua dukani kila wiki bila daktari kujua havifai, hasa kwa mwenye shinikizo la damu.

Ukienda kumsalimia mzazi wako mwezi huu, muulize ni wapi alikuwa anakwenda zamani na sasa haendi. Kisha angalia juu ya kabati.

Jumapili iliyopita mama alinipigia simu. Nilisikia jogoo akiwika karibu sana, nikamwambia huyo jogoo ana kelele. Akaniambia si wake, ni wa mama mkubwa, yuko kwake anakunywa chai. Nikamuuliza alishukaje. "Taratibu," akasema, "na fimbo zangu." Halafu akakata simu, kwa sababu chai ilikuwa inapoa.